Kabla ya kumwomba mtu damu, mpe maji

Kampeni za kuchangia damu huku kwetu Manyara, iwe Katesh, Dongobesh au Mbulu mjini, huishia kwa tangazo la aina moja. Mgeni rasmi anashika kipaza sauti, anawashukuru viongozi wa dini na madiwani, kisha anasoma hesabu: leo tumepata chupa kadhaa, tujipigie makofi. Makofi yanapigwa. Sijawahi kumsikia hata mmoja akisoma hesabu ya pili, ile ya waliopata kizunguzungu, waliotapika nyuma ya hema, na yule aliyeanguka akielekea kwenye bodaboda yake. Hao hawatangazwi. Wanarudi nyumbani na habari yao, na jua likizama kijiji kizima kimeshaisikia.

Mimi nasema hivi: mchangia damu akizimia, mara nyingi ni kwa sababu kuna jambo dogo halikufanywa. Hakunywa maji, hakula, hakulala, aliinuliwa haraka, au hakuwapo mtu wa kumwangalia usoni. Yote hayo yanazuilika kwa gharama isiyofikia bei ya fulana tunazogawa siku hiyo. Anayewaita watu waje kutoa damu ana wajibu wa kuhakikisha wanaondoka kwa miguu yao, na wajibu huo ni sehemu ya kazi yenyewe ya kukusanya damu. Tusiufanye hisani ya kutolewa pale bajeti inaporuhusu.

Kinachotokea mwilini

Nianze na aibu, maana ndiyo inayowafunga watu midomo. Mwanamume akizimia mbele ya watu, maneno yanaanza: mwoga huyo, au, kumbe damu yake ni kidogo. Yote mawili ni uongo. Kabla ya kutobolewa alipimwa wingi wa damu, na nchini mwetu anayepungukiwa gramu 12.5 za himoglobini kwa desilita hurudishwa. Kwa hiyo damu alikuwa nayo. Na kuhusu woga, wapo watu wanaobeba gunia la mahindi begani kutoka shamba hadi barabarani bila kutua, nao huzimia.

Mtu mzima ana takriban mililita 70 za damu kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 70 ana karibu lita tano. Mwenye kilo 50, ambacho ndicho kiwango cha chini cha mchangiaji, ana lita tatu na nusu. Mfuko wanaojaza ni uleule, wa mililita 450. Yule wa kwanza anatoa chini ya sehemu moja ya kumi ya damu yake, huyu wa pili anatoa karibu moja ya nane. Msichana mwembamba wa kidato cha sita na baba wa makamo mwenye kitambi wanalala vitanda jirani, wanapongezwa kwa maneno yaleyale, lakini mzigo waliotwishwa si mmoja.

Kwa kawaida mwili hulimudu pengo hilo. Mishipa inajibana, moyo unaongeza mwendo, ubongo unaendelea kupata haki yake. Lakini kwa baadhi ya watu, hofu, maumivu ya sindano, kuona damu, njaa, joto la hema au kuinuka ghafla huamsha mambo kinyume chake. Neva iitwayo vegasi inaupunguzia moyo kasi, mishipa ya tumboni na miguuni inalegea, presha inashuka, na ubongo unapungukiwa damu kwa muda mfupi. Uso unapauka, jasho jembamba linatoka, masikio yanavuma, kichefuchefu kinapanda, giza linaingia machoni. Mtu anaanguka. Akishalala chini damu inarudi kichwani, na baada ya muda mfupi anafumbua macho akiuliza yuko wapi.

Kuna jambo moja hapa ambalo kwetu lina uzito wa pekee. Aliyezimia anaweza kutetemeka mikono na miguu kwa sekunde chache, kwa sababu ubongo umekosa damu. Mtazamaji asiyejua anasema ni kifafa. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, imeshiriki kwa miaka mingi katika utafiti wa kifafa kwenye jamii za huku, na anayeishi hapa anajua jinsi neno hilo linavyoweza kumfungia msichana milango ya ndoa au kumtoa mtoto shuleni. Kijana aliyekwenda kuokoa maisha ya mtu asiyemjua anarudi kijijini na jina la ugonjwa asiokuwa nao. Nani atamfuta jina hilo? Mtaalamu mmoja akisimama pale pale na kuwaambia watu kwa sauti kwamba hii ni presha imeshuka na ataamka sasa hivi, anaweza kuiokoa heshima ya mtu huyo.

Tunaowaita ndio wanaoanguka

Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004, na tangu hapo wanafunzi wa sekondari na vyuo wamekuwa nguzo kubwa ya ukusanyaji wa damu nchini. Ni rahisi kuwafikia, wako mahali pamoja, wana afya, na wana moyo. Wakati huohuo, karibu kila sifa inayomweka mtu kwenye hatari ya kuzimia wanayo wao: umri mdogo, uzito mdogo, na mara yao ya kwanza kuchomwa sindano nene kiasi kile.

Marekani jambo hili wamelipima. Takwimu za Msalaba Mwekundu wa huko za mwaka 2006, zilizochapishwa 2008, zilionyesha kwamba wachangiaji wa miaka 16 na 17 waliopata matatizo yoyote wakati wa kuchangia walikuwa 10.7 katika kila mia. Wa miaka 18 na 19 walikuwa 8.3. Wa miaka 20 na kuendelea walikuwa 2.8 tu. Sisi hatuchukui damu ya mtu chini ya miaka 18, na hilo ni jema, ingawa sote tunajua kwamba kijana wa miaka 17 akiona wenzake wamepangwa foleni, tena kipindi cha hesabu kinaendelea darasani, umri wake huongezeka palepale. Mwalimu anayejua rejista yake amzuie.

Takwimu hizohizo zina fundisho jingine ambalo naliona zito zaidi. Wale wa miaka 16 waliotoa damu bila tatizo, 73 katika kila mia walirudi kuchangia tena ndani ya mwaka. Waliopata tatizo, hata dogo, walirudi 52. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na hao ni wale waliopatwa wenyewe. Tusisahau waliokuwa wakitazama. Mmoja akianguka kwenye foleni, wa pili na wa tatu hufuata, kwa sababu kumwona mwenzako akizimia ni mojawapo ya mambo yanayomfanya mtu azimie. Pazia moja kati ya vitanda na foleni lingezuia mengi. Mara nyingi pazia halipo.

Ndugu wa mgonjwa

Wanafunzi angalau huitwa siku ya kupangwa. Kuna mchangiaji mwingine ambaye hana kampeni wala fulana, naye kwa macho yangu ndiye anayeumia zaidi: ndugu wa mgonjwa.

Masika fulani nilikuwa katika hospitali moja ya ukanda huu nikimuuguza mtu wangu. Kijana mmoja alikuwa amemleta dada yake usiku kwa pikipiki, dada akiwa amekaa katikati, anavuja damu baada ya kujifungulia nyumbani. Kijana alikaa kwenye sakafu ya korido tangu saa tisa za usiku, koti limemgandia mwilini kwa mvua, gambuti zimejaa tope. Asubuhi akaambiwa damu inahitajika, watafutwe ndugu. Hakusubiri mtu mwingine atafutwe. Akapimwa, akaonekana anafaa, akatoa.

Nilimwona akitoka chumbani, kidole gumba kimekandamiza pamba kwenye mkunjo wa kiwiko. Mama aliyekuwa anapiga deki akamwambia, "Kaa kwanza mwanangu, hujapata hata chai."

"Nikae vipi mama, na sijui hali yake?"

Akapiga hatua chache. Midomo ilibadilika rangi kwanza. Kisha kidole kikaiachia pamba, kisha akaenda chini mzima mzima, paji la uso likagonga kona ya benchi la chuma. Alishonwa. Binamu zake wawili, vijana wenye nguvu zao waliokuwa wamefika na gari la asubuhi ili nao watoe, walisimama wakimwangalia anavyofungwa bandeji. Wakazungumza kwa Kiiraqw kwa sauti ya chini. Wakatoka nje na sikuwaona tena. Dada yao alipona, kwa damu iliyopatikana mchana kwa watu wengine.

Nauliza: aliyemtoboa kijana yule alimuuliza amelala saa ngapi? Amekula nini tangu jana? Maswali hayo mawili huchukua muda gani? Najua majibu ya upande wa pili: muuguzi ni mmoja, wagonjwa ni wengi, mama anavuja damu mezani. Yote ni kweli. Lakini kikombe cha uji wa sukari na maji ya kutosha huhitaji nusu saa tu ya kusubiri, na kijana yule alikuwa pale korido kwa saa tano nzima bila mtu kumkumbuka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ndugu aliyekesha, aliyelowa, mwenye hofu na tumbo tupu ana kila sababu ya kuzimia, naye ndiye tunayemtegemea usiku wa manane.

Nusu lita ya maji

Sasa nizungumzie kinga, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo palipo na faida.

Maji kwanza. Mtu akinywa maji mengi kwa mkupuo, mwili unajibu kwa kukaza mishipa na kupandisha presha. Jibu hilo huanza baada ya dakika chache na hukolea kiasi cha nusu saa baadaye. Ndiyo maana maji yanayonywewa muda mfupi kabla ya sindano yana kazi yake, mbali na yale ya tangu asubuhi. Wanafunzi wa sekondari nchini Marekani walipewa karibu nusu lita kabla ya kutoa damu, na utafiti huo uliotolewa 2007 ulionyesha waliopata kizunguzungu na kuzimia wakishuka kutoka 9.9 hadi 7.8 katika kila mia. Ni upungufu wa moja ya tano, kwa maji matupu! Dawa gani nyingine tunayo kwa bei hiyo?

Kuna wanaoamini kwamba ukinywa maji damu inakuwa nyepesi na haitamfaa mgonjwa. Haiwi hivyo. Mwili wenyewe hurudisha maji ya damu ndani ya siku moja au mbili, na kinachomfaa mgonjwa kiko ndani ya mfuko vilevile.

Huku kwetu kuna kikwazo cha hali ya hewa. Siku ya Wachangia Damu Duniani huadhimishwa tarehe 14 Juni, siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, daktari aliyegundua makundi ya damu. Juni ni baridi Mbulu. Watu wamejifunika mablanketi na makoti, ukungu unatoka milimani, na kiu haisikiki. Mtu anaweza kufika saa nne akiwa hajaonja tone tangu usiku na asijue kwamba ana upungufu wa maji. Upande wa Hanang, ukishuka kuelekea Basotu, upepo na jua hukausha mwili kwa namna nyingine, na vipo vijiji ambako ndoo moja ya maji ni safari. Kumwambia mtu wa huko aje amekunywa maji ya kutosha ni maneno rahisi kuliko utekelezaji. Basi maji yawe kwenye kampeni yenyewe: pipa la maji yaliyochemshwa, vikombe safi, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayepanda kitandani kabla ya kumaliza vikombe viwili.

Halafu chakula. Chai ya rangi na kipande cha andazi si mlo wa kutolea damu. Ugali na maziwa, makande, viazi, maharage, vyote ni vya hapa hapa na vinafaa kuliko soda na biskuti tunazozihifadhi za kumpa mtu akishamaliza. Chumvi kidogo kwenye chakula inasaidia mwili kushika maji, isipokuwa kwa aliyekatazwa na daktari wake. Na usingizi: dereva wa lori aliyeshuka na vitunguu usiku kucha, mlinzi aliyetoka zamu, mama aliyekesha na mtoto mgonjwa, warudi siku nyingine. Ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Tangazo la kampeni linaposomwa kanisani au msikitini, lisomwe na maelezo ya jinsi ya kujiandaa tangu siku moja kabla, badala ya kutaja tarehe na mahali tu.

La tatu ni la misuli, na wengi hawalijui. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, alitengeneza mazoezi ya kuwasaidia watu wanaozimia kila wakiona damu. Unakaza misuli ya mapaja, makalio na tumbo kwa sekunde chache, unalegeza, unakaza tena, huku ukipumua kama kawaida na mkono wenye sindano ukiwa umetulia. Misuli inakamua damu iliyotuama miguuni na kuirudisha kwenye moyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waliyajaribu kwa wachangia damu vijana na yakapunguza dalili. Kupishanisha miguu na kubana mapaja ukiwa umelala, nani ashindwe? Kinachotakiwa ni mtu wa kumwelekeza mchangiaji kwa dakika moja wakati foleni inasogea.

Na kuongea naye. Nimewaona wauguzi wenye kipaji hiki. Wanakaa upande ambao sindano haionekani, wanauliza habari za mahindi, za ng'ombe, za mtihani, na wakati wote macho yao yako usoni mwa mtu. Mchangiaji akianza kujibu kwa neno moja moja, wanajua. Kiti kinalazwa, miguu inainuliwa, sindano inatolewa kabla hali haijawa mbaya. Mtu kama huyo ana thamani kubwa kwenye hema, na mara nyingi ndiye wa kwanza kupangiwa kazi ya kujaza fomu.

Robo saa ya mwisho

Wazee wa Kidatoga walikuwa na desturi ya kumtoa ng'ombe damu shingoni kwa mshale bila kumuua. Hawakumtoboa aliyekonda, wala hawakumrudia yuleyule kesho yake. Ikiwa mnyama alipewa uangalifu huo kwa sababu ni mali ya ukoo, binadamu aliyekuja kwa hiari yake hawezi kuinuliwa kitandani akiambiwa, "Haya, mwingine!"

Haraka haraka haina baraka, na hakuna mahali msemo huu una maana ya wazi zaidi kuliko pale mtu anapoinuka baada ya kutoa damu. Wengi huanguka wakati wa kusimama au muda mfupi baadaye. Wapo wanaoanguka wakiwa wameshaondoka, na hao ndio wanaoumia, kwa sababu hakuna aliye karibu kuwadaka. Kwa hiyo mchangiaji aketi kwanza miguu ikining'inia, avute pumzi, ndipo asimame. Aende kwenye benchi la kivulini, anywe tena, ale, akae angalau robo saa huku mtu akimwangalia. Benchi hilo liwe karibu na wahudumu, lisiwekwe kule nyuma kwenye mti.

Kisha aulizwe anarudije nyumbani. Swali hili kwetu ni la lazima. Anayeendesha bodaboda na kuteremka milima ya Mbulu dakika kumi baada ya kutoa damu anahatarisha roho yake na ya abiria wake. Mama anayekwenda kujitwisha ndoo, au kuinama kutwa nzima kwenye palizi, anaweza kuanguka saa nne baadaye na mtu asihusishe na damu. Siku hiyo asibebe mizigo mizito, asisimame muda mrefu juani, asinywe pombe, na akisikia kizunguzungu popote alipo alale chini palepale bila kuona haya. Waume na wakwe waambiwe pia, maana si kila mwanamke ana uwezo wa kuamua mwenyewe kwamba leo hatateka maji.

Na ikitokea mtu amezimia, mambo machache yafanywe: sindano itolewe, alazwe chali, miguu iinuliwe, vifungo vya shingoni vilegezwe, watu wasogee ili hewa ipite. Akitapika ageuzwe ubavu. Asimwagiwe maji usoni wala kunyweshwa chochote hadi azindukane kabisa. Asiposhtuka upesi, au akiwa amegonga kichwa, daktari aitwe.

Desemba ile Katesh

Anayeona haya ni mambo madogo akumbuke Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi, na watu zaidi ya 80 wakafa. Majeruhi walipelekwa hospitali hapa Katesh na Babati. Siku kama hiyo, damu inayomsaidia aliyevunjika ni ile iliyokwisha kupimwa na kuwekwa kwenye friji. Inayotolewa asubuhi hiyo bado inadai vipimo vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Na damu haikai: siku 35 baada ya kutolewa muda wake umekwisha. Tena ilikuwa Desemba, mwezi ambao shule hufungwa na wale vijana tunaowategemea wametawanyika majumbani.

Shirika la Afya Duniani hushauri kukusanya chupa zinazolingana na asilimia moja ya idadi ya watu. Sensa ya 2022 ilihesabu Manyara watu wapatao milioni 1.9, kwa hiyo mkoa wetu unahitaji kama chupa 19,000 kila mwaka. Chupa hizo haziwezi kutoka kwa watu wanaotoa mara moja wakaapa kutorudi. Zinatoka kwa mtu anayerudi kila baada ya miezi mitatu akiwa mwanamume, minne akiwa mwanamke, mwaka baada ya mwaka, masika na kiangazi, shule ziwe zimefunguliwa au zimefungwa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mtoto wa Yaeda Chini ambaye malaria imemmaliza damu, kijana wa bodaboda aliyegongwa barabara ya Singida, wote wanamsubiri mtu huyo. Kila tunapomwacha mchangiaji mpya aanguke mbele ya rafiki zake, tunampunguza yeye na wale rafiki.

Nimeambiwa na wahusika wawili watatu kwamba kuzungumzia kuzimia hadharani kutawatisha watu. Sikubaliani nao hata kidogo. Watu wa Mbulu na Hanang wameshaona wenzao wakianguka, siri haipo. Kinachowatisha ni kuona jambo linatokea na wenye kampeni wananyamaza. Mwambie mtu ukweli kwamba huenda akasikia kizunguzungu, kwamba wengi hawasikii chochote, na kwamba hivi ndivyo vitu vinne vya kufanya ili asizimie. Anapanda kitandani akiwa na la kufanya. Wengine husema tukitoa uji na ugali watakuja wenye njaa kwa ajili ya chakula. Waje. Vipimo vitamrudisha asiyefaa, naye atakuwa amekula. Sioni hasara iko wapi. Kumwacha mtoaji aondoke na njaa ndiyo ile shukrani ya punda.

Kwa hiyo nawaomba wakurugenzi wa halmashauri zetu, waganga wakuu, wachungaji, mapadri, mashehe na wakuu wa shule wanaopanga kampeni ya Juni na zile za baadaye: kwenye bajeti, mstari wa maji na chakula utangulie ule wa fulana. Shule zisipange uchangiaji kabla wanafunzi hawajapata uji. Hospitali ziwe na birika la uji kwa ndugu wanaokesha, na kikundi cha akina mama wa kanisa la jirani kinaweza kulibeba jambo hilo kwa zamu. Hesabu ya waliozimia isomwe pamoja na hesabu ya chupa, ili mwaka ujao tujue kama tumepunguza.

Na yule aliyezimia apigiwe simu kesho yake. Aulizwe ameamkaje, kichwa kinamuuma, amekula nini. Aambiwe kwamba akitaka anaweza kurudi muda wake ukifika, aje ameshiba, na atapewa kitanda cha kulala na mtu wa kukaa naye. Ikiwa hali hii imempata zaidi ya mara moja, aambiwe kwa heshima kwamba kwa usalama wake apumzike kutoa, ashukuriwe, na aombwe alete ndugu yake mwenye mwili mkubwa zaidi. Namba yake ipo kwenye fomu. Aliiandika mwenyewe asubuhi ile, kabla ya kukunja mkono wa shati.